Sura ya Tano: Chungu cha Shule na Jembe la Jirani

Mwaka 1930, tangu mwezi wa Februari hata mwezi wa Juni, watoto wapatao 20,000 wa Lanarkshire, katika nchi ya Uskoti, waliingizwa katika jaribio ambalo hadi leo wanazuoni wa takwimu hulitaja kwa heshima iliyochanganyika na tahadhari. Shule 67 zilishiriki. Watoto 10,000 walipewa kila siku ya masomo robo tatu ya painti ya maziwa, nusu yao wakinywa maziwa mabichi na nusu yao maziwa yaliyopashwa moto ili kuua vijidudu, na wenzao 10,000 hawakupewa kitu, illa walipimwa urefu na uzito mwanzo na mwisho sawasawa na wale waliokunywa. Hesabu zilipotolewa ikaonekana kwamba wanywaji wamekua kuliko wenzao, na watu wengi wakaridhika.

Mwaka uliofuata, W. S. Gosset, mtaalamu wa hesabu aliyeajiriwa na kiwanda cha pombe cha Guinness na aliyezoea kutia saini makala zake kwa jina la Student, alionyesha kwamba jaribio lile kubwa lilikuwa limeharibika, tena si kwa hila ya mtu bali kwa huruma. Walimu walikuwa na ruhusa ya kubadilisha watoto pale ilipoonekana kwamba walioshiba wamekuwa wengi upande mmoja na waliokonda wamekuwa wengi upande wa pili. Nao, bila ya kukusudia, inaelekea waliwahamishia wanyonge kwenye maziwa, hata ikawa wasiokunywa walikuwa warefu na wazito kuliko wenzao tangu siku ya kwanza. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, husema wahenga, lakini walimu wa Lanarkshire walimjua, na kumjua kwao ndiko kulikoharibu hesabu. Fauka ya hayo, watoto walipimwa uzito wakiwa na nguo zao, za baridi mwezi wa Februari na nyepesi mwezi wa Juni, na mtoto wa mwenye nacho ana nguo nyingi za kupunguza kuliko mtoto wa maskini. Gosset akasema kwamba jozi 50 za pacha wanaofanana zingalitoa jibu la kutegemewa kuliko umati ule wote, na kwa gharama ndogo mno.

Kisa hiki cha mbali kimetangulizwa hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kumlisha mtoto ni jambo la wema, na jambo la wema ni gumu kulipima, kwa kuwa mpimaji mwenyewe hutamani kwa moyo wake wote matokeo yawe mazuri; hivyo msomaji anayeambiwa kwamba chakula fulani shuleni kimeleta faida fulani ana haki ya kuuliza walinganishwa na nani, na walichaguliwaje. Ya pili ni kwamba maziwa yale yalikuwa na mwenyewe. Wafugaji wa Uingereza walikuwa na maziwa mengi kuliko soko, na kwa ajili yao iliundwa mwaka 1933 Bodi ya Soko la Maziwa; mwaka 1934 ikapitishwa sheria ambayo kwayo mtoto wa shule aliuziwa theluthi ya painti kwa nusu peni, na bei iliyobaki ikabebwa na hazina ya serikali pamoja na bodi hiyo. Hapo mtoto na mkulima waliandikwa katika daftari moja, na tangu hapo haijawa rahisi kujua ni yupi kati yao anayesaidiwa na yupi anayesaidia.

Leo daftari hilo limefunguliwa karibu kila pembe ya dunia. Nchi za Afrika, kupitia NEPAD, mpango wao wa pamoja wa maendeleo, ziliazimia mwaka 2003 kwamba chakula cha shule kitokane na mashamba ya nchi zenyewe badala ya meli za msaada, na tangu mwaka 2016 Umoja wa Afrika umeitenga tarehe 1 Machi kuwa siku ya kuadhimisha jambo hilo. Wanaoutetea utaratibu huu hudai mambo matatu: kwamba mtoto hupata siha na akili ya masomo, kwamba mtoto huyo hujifunza kupenda chakula kilicho chema kwake, na kwamba mkulima jirani hupata soko la kudumu. Madai yote matatu yana ithibati, lakini, kama tutakavyoona, si ya nguvu moja, wala hakuna hata moja linalojithibitisha lenyewe kwa sababu tu shamba liko karibu.

Tuanze na siha na akili. Katika tafiti zilizofanyika Afrika ya Mashariki juu ya jambo hili, utafiti wa Embu, upande wa kusini-mashariki wa mlima Kenya, ndio unaostahili kusomwa kwa utulivu kuliko zote. Ulianza mwaka 1998 chini ya Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na wenzao wengi. Shule 12 zilipigiwa kura zikagawanywa makundi manne, na watoto wa darasa la kwanza wakafuatwa kwa muda wa takriban miaka miwili. Msingi wa chakula ulikuwa githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja na mboga, chakula ambacho hakuna nyumba ya pale isiyokijua. Kundi la kwanza lilitiliwa nyama ya kusaga katika githeri. La pili lilipewa githeri tupu na kikombe cha maziwa. La tatu liliongezewa mafuta tu, kwa kadiri ya kufanya nguvu ya chakula chake ilingane na ya makundi mawili yaliyotangulia. Na la nne halikupewa chakula shuleni, bali wazazi wa watoto wake walipewa mbuzi wa maziwa, ili wasitoke mikono mitupu.

Hikima ya mpango huu imo katika lile kundi la tatu. Lau watafiti wangaliwalinganisha walioshiba na wenye njaa, wangalithibitisha tu lile ambalo kila mama analijua, kwamba mwenye njaa hasomi. Lakini kwa kusawazisha nguvu ya chakula katika makundi matatu waliweza kuuliza swali la ndani zaidi, kama ni wingi wa chakula unaotenda kazi au ni aina yake. Walikwisha kuona kwamba watoto wa pale, hata wale ambao matumbo yao hayakuwa matupu, walipungukiwa na madini ya chuma na zinki na vitamini B12. Hiyo ni kwa kuwa vitamini hiyo haimo katika mimea, na kwa kuwa mahindi na maharagwe yana kitu kinachoitwa faiteti, ambacho huyashika madini hayo tumboni yasiingie mwilini kwa wepesi.

Majibu yalikuja kwa daraja. Katika mtihani wa Raven, unaomtaka mtoto akamilishe michoro iliyopungua kipande na usiotegemea maneno aliyofundishwa, watoto wa nyama waliwapita wenzao wa makundi yote matatu. Katika hesabu, watoto wa nyama na watoto wa mafuta waliwapita wasiopewa kitu. Katika kufahamu maana za maneno hapakuonekana tofauti yoyote, na ni insafu kulisema hilo, kwa kuwa mwandishi anayetaja ushindi na kunyamazia sare hamtendei haki msomaji wake. Miili nayo ilijibu: misuli ya mikono iliongezeka zaidi kwa waliokula nyama; maziwa yaliwasaidia kwa urefu wale waliokuwa wamedumaa tangu awali; na makundi yote mawili yakapona upungufu wa vitamini B12 kwa kadiri kubwa. Watafiti waliwatazama watoto hata uwanjani wakati wa mapumziko, wakaona kwamba wale wa nyama walicheza kwa nguvu zaidi na ndio aghalabu waliowaongoza wenzao katika michezo. Mitihani ya shule ilipochambuliwa baadaye, waliofaidika zaidi walikuwa tena hao hao, na wa maziwa wakafuata.

Somo la Embu si la kumfurahisha kila mtu. Anayedhani kwamba kupika mahindi na maharagwe ya mashamba ya karibu kunatosha, ataona hapa kwamba githeri iliyoongezewa mafuta ilimpa mtoto nguvu, illa si kila alichokihitaji. Kilicholeta tofauti ni kipande kidogo cha nyama, gramu 60 mwanzoni na 85 baadaye, na kikombe cha maziwa cha mililita 200, baadaye 250. Vitu hivyo vilikuwako Embu, maana ng'ombe walikuwako na mbuzi walikuwako; lakini katika bakuli la mtoto havikuwamo.

Jambo la pili ni lile la kupenda. Mtoto si ghala la kutiwa chakula. Ana ulimi wake na ana rai yake, na chakula kinachorudi jikoni hakijamlisha mtu. Hapo ndipo Wamarekani, ambao tatizo lao kubwa ni wingi wa vyakula vya viwandani kuliko uchache wa chakula, walipofanya kazi ya maana. Mwaka 1997 shule za Santa Monica na Malibu, katika jimbo la California, zilianza kununua mboga na matunda kutoka soko la wakulima na kuyapanga mezani ili kila mtoto ajichagulie. Jambo hilo likaenea majimbo mengi, hata sheria ya mwaka 2010 juu ya chakula cha watoto ikalitengea dola milioni 5 kila mwaka. Mwaka 2008 watafiti watatu, Anupama Joshi, Andrea Azuma na Gail Feenstra, walikusanya tathmini 15 za mipango ya namna hiyo. Katika 11 zilizopima ulaji na mazoea ya watoto, 10 zilionyesha mabadiliko ya kheri. Lakini wenyewe walitahadharisha kwamba nyingi za tathmini hizo zilikuwa ndogo, na kwamba mtoto aliyelimishwa bustani, akaonjeshwa na akafundishwa, ni muhali kumtenga na mtoto aliyeletewa tu karoti ya jirani.

Tahadhari hiyo ina faida kwetu. Katika mikoa ya kati na ya kaskazini ya Tanzania, watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, walijaribu kuingiza ulezi na mbaazi katika vyakula vya shule, nafaka na jamii ya kunde zinazostahimili ukame na zenye madini mengi, ambazo vijana wengi walikuwa wakizidharau kwa kuziona chakula cha kizamani. Hawakuwaletea vijana chakula kipya na kuwaamrisha wale. Waliwashirikisha katika kupima, kuonja na kutoa rai, na wapishi wakafundishwa mapishi mengine. Ripoti yao, iliyochapishwa mwaka 2020, inaeleza kwamba wengi walioanza kwa kudharau walimaliza kwa kutaka vyakula hivyo viwepo katika juma la kawaida. Basi kinachobadilisha ulimi ni mafunzo na upishi. Shamba la karibu husaidia kwa kuwa mtoto anaweza kulitembelea, na kwa kuwa mpishi ambaye aghalabu ni mama wa kijiji kile kile anazijua mboga zake tangu utoto.

Sasa tufike kwa mkulima, ambaye hutajwa sana katika hotuba na kupimwa mara chache. Nchi ya Ghana ilianzisha mpango wake wa kulisha shule mwaka 2005, na tangu siku ya kwanza nia iliyoandikwa ilikuwa kununua kwa wakulima wa nchi. Kati ya mwaka 2013 na 2016 mtafiti Aulo Gelli na wenzake, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ghana, walifanya jaribio lililopangwa kwa kura katika wilaya nyingi za nchi hiyo, jambo adimu kwa mpango wa serikali wenye ukubwa ule. Kwa upande wa watoto, ijapokuwa kwa wote kwa jumla hapakuwa na badiliko la kimo, matokeo yalikuwa ya kutia moyo kwa wale waliohitaji zaidi: watoto wa miaka 5 hadi 8 na wasichana waliongezeka urefu kwa umri wao kwa 0.12 ya mkengeuko sanifu, na wadogo waliotoka katika nyumba zilizo chini ya mstari wa umaskini kwa 0.22. Katika kusoma na hesabu pia nyongeza ilionekana, na ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana, maskini na watu wa kaskazini.

Kwa upande wa mkulima, watafiti hao hao walitafuta nyongeza katika mauzo na pato la nyumba zinazolima, wasiione. Sababu haikuwa siri. Mpango ule uliendeshwa kwa wapishi wenye kandarasi, aghalabu wanawake wafanyabiashara, ambao walitakiwa wanunue chakula kwa fedha zao wenyewe, wapike, kisha wangoje serikali iwarudishie. Na serikali ilichelewa. Mtu anayengoja fedha yake kwa miezi hawezi kumwendea mkulima mdogo, ambaye hana uwezo wa kukopesha. Atamwendea mwenye duka sokoni, anayempa mchele kwa mkopo pasi na kuuliza umelimwa wapi. Hivyo nia ya kununua kwa mkulima iliandikwa Accra, na mkulima akaikosa kijijini, bila ya mtu yeyote kuvunja sheria wala kufanya khiyana. Ucheleweshaji wa malipo ulitosha peke yake kuligeuza soko la mkulima likawa soko la mchuuzi.

Tulinganishe na Brazili, maana tofauti ya nchi hizi mbili ni tofauti ya utaratibu. Chakula cha shule cha Brazili kilianza kwa amri ya tarehe 31 Machi 1955, na kwa miaka mingi kilikuwa maziwa ya unga na supu za viwandani, kikinunuliwa na serikali kuu kwa makampuni machache na kusafirishwa maelfu ya maili hadi kwa watoto wasiokijua. Katiba ya mwaka 1988 ikakifanya kuwa haki ya mwanafunzi. Sheria ya mwaka 1994 ikapeleka fedha na mamlaka ya kununua kwa majimbo na manispaa. Kisha Sheria namba 11.947 ya tarehe 16 Juni 2009 ikaamuru kwamba katika fedha zinazotoka serikali kuu kwa ajili ya jambo hilo, zisipungue 30 kwa mia zitumike kununua moja kwa moja kwa familia zinazolima. Wanafunzi wanaolishwa kwa mpango huo ni kama milioni 40.

Asilimia hiyo, iliyodumu hadi mwisho wa mwaka 2025, ndiyo iliyokuwa ikitajwa na kila mgeni aliyeitembelea Brazili, na bila shaka ilikuwa na uzito wake. Lakini sheria tupu haikutosha, kwa kuwa mwaka uliofuata idadi ya manispaa zilizonunua kwa wakulima wadogo ilikuwa haijafika nusu ya zote. Kilichoifanya itende kazi kidogo kidogo ni mambo yaliyoandikwa chini yake kwa herufi ndogo. Mkulima hakutakiwa kushindana kwa zabuni na makampuni, mashindano ambayo angeshindwa kabla ya kuanza. Manispaa hutangaza mwaliko wa wazi, ikieleza ni kilo ngapi za mboga gani zinazotakiwa mwezi gani, na bei huwa imekwisha kuwekwa kwa kupima masoko ya pale, hata mkulima hujua kima chake kabla ya kupanda. Wanaotangulizwa ni walio karibu, waliopewa ardhi na serikali, watu wa asili na wazao wa watumwa waliotoroka. Kila familia imewekewa ukomo wa mauzo kwa mwaka, ili mwenye shamba kubwa asijigeuze mdogo. Mtaalamu wa lishe ndiye anayewajibika kwa orodha ya vyakula, na baraza la wazazi, walimu na raia lina haki ya kukagua hesabu. Mambo haya hayana shairi lolote ndani yake, lakini ndiyo yaliyomfikisha mkulima hadi mlangoni mwa shule.

Kabla ya kurudi nyumbani hatuna budi kuondoa dhana moja, nayo ni kwamba kilicholimwa karibu ni salama kwa sababu ya ukaribu wake. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na majirani zake, nchini Kenya, watu 317 walipatwa na ugonjwa wa ini uliotokana na sumukuvu, na 125 kati yao wakafa. Mahindi waliyokula hayakutoka ng'ambo, bali mengi yalilimwa na kuwekwa pale pale, yakavunwa na unyevu na kuhifadhiwa majumbani bila ya kukaushwa ipasavyo. Shule inayonunua magunia kwa jirani inanunua pia namna ya jirani ya kukausha na kuhifadhi, na kwa hiyo kifaa cha kupimia unyevu, ambao kwa kanuni za Afrika ya Mashariki usizidi 13.5 kwa mia katika mahindi, kina haki ya kutangulia katika bajeti ya jiko kuliko mabango ya kuutangaza mpango. Mkulima mwenyewe hufaidika na ukali huo, kwa maana mnunuzi anayepima na kulipa vizuri humfundisha kukausha kuliko mabwana shamba kumi.

Nyumbani kwetu historia ya jambo hili ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba na iishi kwa shamba hilo kama ukoo unavyoishi. Na ijapokuwa katika shule nyingi shamba liligeuka kuwa adhabu badala ya somo, wazo la kwamba darasa na jembe vina uhusiano halikufa. Kenya ililisha shule za maeneo makavu kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani tangu mwaka 1980. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake wa chakula cha nyumbani, fedha zikapelekwa katika akaunti za shule ili kamati zinunue zenyewe. Na mwaka 2018 shule za mwisho zilizokuwa chini ya shirika hilo zikakabidhiwa serikali. Tanzania ilitoa mwaka 2021 mwongozo wa taifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi, na katika vijiji vingi mzigo unabebwa na wazazi, wanaochanga debe la mahindi na kilo za maharage ili watoto wapate uji asubuhi na makande mchana. Mchango huo ni ununuzi wa karibu kuliko wowote, ila hauna fedha ndani yake: mkulima humlisha mtoto wake kwa mavuno yake, na asiyevuna mwaka huo hana cha kutoa.

Ukiyaangalia yote haya kwa pamoja, utaona kwamba karibu kila mahali kinachonunuliwa kwanza ni nafaka na maharage. Sababu zake zaeleweka, kwani ni rahisi, hujaza tumbo, na hukaa ghalani muhula mzima. Lakini nafaka ndiyo bidhaa ambayo ukaribu una thamani ndogo kuliko zote kwayo. Gunia la mahindi laweza kutoka Rukwa hadi Tanga likafika vilevile lilivyoondoka, na mchuuzi mkubwa atalileta kwa bei ambayo mkulima mdogo haiwezi. Kinyume chake, vitu ambavyo Embu ilionyesha kuwa mtoto anavikosa, na pamoja navyo mboga za majani, mayai na samaki wabichi, ni vitu ambavyo kila saa ya safari huvipunguzia ubora na kila siku ya kungoja huviharibu. Hapo aliye karibu hana mshindani. Tena aghalabu ni mazao ya wanawake na ya nyumba ndogo, kuku wachache nyuma ya jiko, ng'ombe mmoja wa maziwa, matuta ya mchicha kando ya kisima, na hivyo shilingi inayolipwa kwa ajili yake hufika mikononi mwa mtu ambaye ni mhitaji kweli.

Illa mtu huyo ndiye asiyeweza kungoja. Muuza mahindi aweza kufunga ghala akasubiri bei na malipo. Mama wa mayai hutaka fedha yake juma hilo hilo, na asipoipata atayapeleka gulioni. Kwa hiyo maswali mawili ambayo yamekwenda sambamba katika sura hii, la mtoto na la mkulima, yanakutana hapa katika jibu moja: shamba la karibu humfaa mtoto hasa kwa vile vinavyoharibika upesi, na mtoto humfaa mkulima pale tu anapolipwa upesi. Mjumbe wa kamati ya shule anayetaka kuufuata ushahidi, badala ya desturi, aanze kwa kuyaachia mahindi soko la kawaida, kwa bei nafuu na kwa kipimo cha unyevu. Kisha fedha atakayookoa aitenge, hata iwe ndogo, kwa kikombe cha maziwa au yai au mboga mbichi kutoka kwa majirani waliotajwa kwa majina katika mkataba mfupi, bei ikiwekwa mwanzo wa muhula na malipo yakifanywa kila mwisho wa juma. Akishindwa kulipa kila juma, basi asitangaze kwamba shule yake inawasaidia wakulima. Aseme tu kwamba inalisha watoto, nayo ni kazi yenye heshima yake.